Kijana wa Kikosi cha 3: shajara ya kumfuatilia askari wa Konfederesheni kupitia karatasi za ukoo

13 Januari 2024: Sanduku la biskuti

Mama mkwe wangu ametimiza miaka 74, na siku hiyohiyo amenikabidhi sanduku la biskuti lililoshika kutu pembeni. "Wewe ndiye mwenye subira katika nyumba hii," akaniambia. Ndani mna Biblia kubwa ya familia, barua tatu zilizokunjwa mara nne nne, na picha ndogo ya kwenye kioo iliyofungiwa katika kikasha cha bawaba. Ni kijana mwenye masikio yaliyochomoza. Koti limempwaya mabegani, na bunduki ameishika kama mtu aliyeazimwa kwa ajili ya picha tu.

Masimulizi ya ukoo ni mafupi. Kijana huyu aliingia jeshi la Konfederesheni, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani ili kuulinda utumwa na kupigana nayo mwaka 1861 hadi 1865, akafia katika mapigano ya Gettysburg, Pennsylvania, ya Julai 1863, akiwa na miaka 16. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Mama mkwe ni kitukuu wa mdogo wake.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, na sasa naishi Raleigh, North Carolina. Kijana huyu alipigania upande uliotaka watu wa rangi yangu waendelee kuuzwa mnadani, na wanangu wawili wana damu ya nyumba yake. Sitaki kumfuta wala kumpamba. Nataka kujua aliishije na alifia wapi, na pia nijue ni nani wengine walikuwa ndani ya ua ule alipoondoka. Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na makosa na fedha, ili mwenye sanduku kama hili nyumbani aone pa kuanzia. Kwa ombi la mama mkwe sitataja majina ya ukoo.

Gharama mpaka sasa: hakuna.

3 Februari 2024: Barua iliyopasuka, Biblia iliyonidanganya

Nianze na kosa langu. Barua ya kwanza niliifungua kwa vidole vikavu, mchana, kwenye meza ya chakula. Ilipofika mkunjo wa pili ikalia kama jani la mgomba lililokauka, ikapasuka sentimita nne hivi. Maneno mawili yamekatika katikati. Niliona aibu mbele ya mama mkwe ijapokuwa yeye hakusema kitu.

Barua mbili zilizobaki nilizifanyia hivi: niliweka kitambaa chenye unyevu chini ya boksi la plastiki lenye mfuniko, juu yake nikaweka wavu wa kukaushia keki, barua juu ya wavu isiguse maji, nikafunika kwa saa nne. Karatasi ikalainika, nikaifungua taratibu na kuilaza katikati ya karatasi nyeupe za kunyonya unyevu, juu nikaweka kitabu kizito. Wino haukusambaa, kwa sababu nilitangulia kuujaribu kwa tone dogo la maji kwenye alama ya nukta pembeni. Ile iliyopasuka sikuibandika gundi wala utepe, maana utepe wa gundi huacha doa la njano lisilotoka. Imelala ndani ya bahasha ya plastiki ya kuhifadhia nyaraka.

Sasa Biblia. Katikati ya Agano la Kale na Agano Jipya mna kurasa nne za kuandikia waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Yeye yupo: kuzaliwa 9 Machi 1845, kufariki, "vitani, 1863". Nilifurahi, nikaandika tarehe hizo kwenye daftari kwa kalamu, kana kwamba nimemaliza.

Wiki mbili baadaye, nikiwa napiga picha kila ukurasa, ndipo nilipofika ukurasa wa mbele kabisa wenye jina la mchapishaji. Biblia ilichapwa mwaka 1884. Nikarudi kwenye kurasa za majina: mwandiko ni mmoja tangu watu waliozaliwa miaka ya 1820, na wino ni uleule wa kahawia. Maana yake mtu mmoja alikaa siku moja, baada ya 1884, akaandika kila alichokumbuka. Vifo vya 1863 vilikuwa vimepita zaidi ya miaka 20. Huo ni ushahidi wa kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu huchanganya miaka. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, na mbele ya kila tarehe naweka ilikotoka.

Gharama: bahasha za kuhifadhia na jalada lisilo na asidi, dola 18.

24 Februari 2024: Sensa

Hatua hii ilikuwa nyepesi baada ya kuvuka kikwazo kimoja. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza Marekani kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba. Kabla yake aliandikwa mkuu wa kaya peke yake. Picha za sensa hizo zinapatikana bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo, ukishajiandikisha.

Kikwazo ni tahajia. Nilitafuta jina la ukoo kama linavyoandikwa leo, sikupata kitu katika kaunti nzima. Nikajaribu namna tano za kuliandika, bado. Mwishowe nikaacha faharasa, nikafungua kaunti yenyewe na kusoma ukurasa baada ya ukurasa kwa usiku nne, nikitafuta mfuatano wa majina ya kwanza ya watoto kama yalivyo katika Biblia. Nikawakuta. Karani wa sensa alisikia irabu nyingine kabisa, naye aliyetengeneza faharasa ya kompyuta akaisoma herufi ya kwanza vibaya. Ukikwama kwenye jina la ukoo, tafuta kundi la watoto. Ni vigumu karani kukosea watoto sita kwa mpigo.

Mwaka 1850 ana miaka 5, na 1860 ana 15. Inalingana na Machi 1845.

12 Mei 2024: Miezi miwili na nusu na mtu asiye wetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumiza mtu.

Hifadhidata ya bure ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ina majina zaidi ya milioni sita ya askari wa pande zote mbili. Nikaandika jina la kijana wetu, North Carolina, na wakatokea watatu. Wawili niliwapuuza haraka. Wa tatu alinivutia kwa kuwa lilikuwepo pia ombi la pensheni la mwaka 1901 lenye jina hilohilo, kaunti hiyohiyo. Serikali ya Washington haikuwalipa pensheni askari wa Konfederesheni. Majimbo yao ndiyo yaliyowalipa. North Carolina ilitunga sheria mwaka 1885 kwa waliolemaa na wajane, kisha 1901 ikaipanua.

Basi nikaona nimegundua jambo kubwa: kijana hakufa! Alirudi, akazeeka, akadai jeraha la mguu. Nikaagiza nakala ya jalada lake la utumishi kwa dola 30. Sikusubiri hata lifike. Nilimpigia simu mama mkwe nikamwambia ukoo wake ulidanganywa, pengine kijana alitoroka nyumbani na familia ikamfanya marehemu. Akanyamaza. Baadaye mume wangu akaniambia mama yake hakulala usiku ule, maana bibi yake ndiye aliyemsimulia habari hizo, na sasa ilionekana bibi yule alikuwa mwongo.

Jalada lilipofika Aprili nikaanza kulisoma vizuri. Kikosi ni kingine. Fomu ya pensheni inasema mwombaji ana miaka 64, hivyo alizaliwa karibu 1837. Nikarudi kwenye sensa ya 1850, nikamkuta nyumba ya tatu kutoka kwa kijana wetu, ana miaka 13, na baba mwingine. Ni binamu. Wote wawili walipewa jina la babu yao.

Nilimwendea mama mkwe mwenyewe, si kwa simu, nikamwomba radhi. "Afadhali umerudi nalo mapema," akasema, akanitengea chai. Kuanzia hapo nimejiwekea sharti: jina na kaunti havitoshi. Simwunganishi mtu na ukoo mpaka nipate mambo mawili zaidi yasiyotegemeana, kama kikosi na jina la mzazi, au umri na majirani.

Gharama: dola 30 za jalada la binamu. Nimelihifadhi. Huenda vitukuu vyake nao wanamtafuta.

9 Juni 2024: Kadi, na alama ya X

Jalada sahihi limepatikana. Yeye ni mmoja wa wale wawili niliowapuuza, na jina limeandikwa kwa irabu ileile ya karani wa sensa. Kikosi cha 3 cha North Carolina. Kilichomtambulisha ni barua ya tatu ya kwenye sanduku, inayotaja jina la kapteni wake. Kapteni huyohuyo yumo katika kadi.

Kwa anayefuata njia hii: majalada hayo si karatasi za wakati wa vita. Kuanzia 1903 makarani wa Wizara ya Vita mjini Washington walinakili orodha za mahudhurio, za hospitali na za wafungwa kwenye kadi ndogo, kadi moja kwa kila tukio, wakazikusanya katika bahasha ya kila askari. Za North Carolina ziko kwenye mikrofilamu namba M270 ya Nyaraka za Taifa. Kwa kuwa ni nakala, makosa ya kunakili yamo.

Kadi zake ni 14. Aliandikishwa Julai 1862, umri "18". Alikuwa na 17. Miezi mitatu kabla, Aprili 1862, Konfederesheni ilikuwa imepitisha sheria ya kulazimisha jeshini wanaume wa miaka 18 mpaka 35, lakini yeye hakuwa amefikia. Alipokea bonasi ya dola 50, na mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 11 kwa mwezi. Septemba 17 mwaka huohuo akajeruhiwa Sharpsburg, Maryland, siku ambayo watu karibu 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au kupotea. Akalazwa Chimborazo, ile hospitali kubwa ya Richmond. Mwaka 1863 amerudi kikosini. Kadi ya Julai na Agosti 1863, yaani baada ya Gettysburg, ina neno moja: "Yupo."

Niliisoma kadi hiyo kwa sauti jikoni. Yupo. Kwa hiyo masimulizi yamekosea mahali na umri, na mwaka wa Biblia nao una shaka.

Lakini kadi iliyonishika zaidi ni ya stakabadhi ya nguo: suruali moja, viatu jozi moja. Mahali pa saini pana jina lake kwa mwandiko wa karani, na katikati ya jina pana X. Kijana hakujua kuandika. Nikakimbilia barua. Nilikuwa nimeshangaa tangu mwanzo kwamba miandiko yake mitatu haifanani, mmoja umelala kulia, mwingine umesimama wima na herufi zake zimeachana, hata nikaanza kuhofu kwamba moja ni ya kughushi. Sasa nimeelewa. Kila barua aliisema kwa mdomo, na mwenzake aliyekuwa karibu siku hiyo akamwandikia. Kwenye barua ya hospitali mwandishi amejitambulisha mwenyewe chini kabisa, kwamba anaandika kwa niaba ya rafiki aliyeumia bega.

Katika barua hiyo anaomba soksi. Anauliza kama jike la farasi limezaa. Halafu anamsalimia mwanamke mmoja kwa jina la kwanza tu, na kusema anaota viazi vitamu vyake vya kuchoma majivuni. Jina hilo halimo katika Biblia, na katika sensa ya watu huru wa nyumba ile halimo pia. Nimelizungushia penseli.

Gharama: mwezi mmoja wa tovuti ya kulipia, dola 8.

14 Julai 2024: Mateka

Kadi za mwisho zimetoka upande wa Kaskazini, yaani jeshi la serikali ya Marekani. Alitekwa Spotsylvania, Virginia, Mei 12, 1864. Kikosi chake kilikuwa ndani ya ngome ya udongo iliyochomoza kwa umbo la kiatu cha nyumbu. Mizinga ilikuwa imeondolewa usiku, na alfajiri, katika ukungu na mvua, jeshi la Kaskazini likawafunika. Maelfu walitekwa, pamoja na majenerali wawili, Edward Johnson na George Steuart. Kijana wetu akapelekwa Point Lookout, Maryland, kambi ya mahema kwenye ncha ya mchanga kando ya ghuba ya Chesapeake.

Hapo nikasita na kusoma tena. Masika ya 1864, miongoni mwa walinzi wa Point Lookout walikuwemo askari weusi wa Kikosi cha 36, ambacho mwanzoni kiliitwa Kikosi cha 2 cha Weusi wa North Carolina. Wengi wao walikuwa watumwa wa kaunti za mashariki ya jimbo hilo, walitoroka wakajiunga na jeshi la Kaskazini. Kijana alishuka melini akiwa mateka, na walioshika bunduki mlangoni walikuwa watu wa kwao. Sina karatasi inayosema alionana na anayemfahamu, kwa hiyo siliandiki hilo. Kwamba walikuwa pamoja kwenye mchanga ule, tarehe zinathibitisha.

Agosti akahamishiwa kambi ya wafungwa ya Elmira, New York. Tarehe ya kifo: Februari 21, 1865, kuhara sugu. Nimeilinganisha na daftari la waliofia magereza ya Kaskazini, mikrofilamu M918, na zinakubaliana. Alikuwa na miaka 19, siku 16 kabla ya kutimiza 20. Mwezi huohuo makundi ya kwanza ya wafungwa wa Elmira yalikuwa yameanza kuruhusiwa kurudi Kusini.

Nilimsomea mama mkwe kwenye kibaraza. Aliuliza kama kulikuwa na baridi. Nikamwambia ukweli: ndiyo, wengi waliingia majira hayo ya baridi bila mablanketi ya kutosha, na kiseyeye, ndui na kuhara viliwamaliza. Wafungwa zaidi ya 12,000 walipita Elmira katika mwaka mmoja, na karibu 3,000 hawakutoka.

25 Agosti 2024: Elmira

Tumesafiri kwa gari, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe, siku nzima barabarani kutoka Raleigh.

Kosa la safari: tuliingia makaburi ya mji ya Woodlawn na tukatembea zaidi ya saa moja juani tukitafuta safu za askari. Humo amezikwa mwandishi Mark Twain, na wageni wengi wanamfuata yeye. Makaburi ya taifa ya Woodlawn ni eneo jingine lililopakana nayo. Namba ya kaburi hupatikana bure kwenye tovuti ya serikali ya kutafutia makaburi ya askari. Ningeiangalia nyumbani nisingemchosha mama mkwe.

Tumempata. Jiwe jeupe lenye ncha juu, kama mengine yote ya Konfederesheni. Serikali ya Marekani iliyasimamisha mwaka 1907 badala ya mbao zilizooza. Namba, jina, kombania, 3 N.C. Jina la ukoo limechongwa kwa irabu ya karani. Mama mkwe alipitisha kidole kwenye herufi hiyo moja, akarudia mara ya pili.

Sasa niseme kwa nini jiwe lipo, kwa maana hili ndilo nililokuja nalo moyoni. Aliyewazika watu hawa ni John W. Jones. Alizaliwa mtumwa karibu na Leesburg, Virginia, akatoroka mwaka 1844 na wenzake wanne, wakatembea mpaka Elmira. Alikuwa mtunza kanisa na mchimba makaburi, na nyumba yake ilikuwa kituo cha watoro wa utumwa. Inakadiriwa aliwasaidia 800 hivi kufika Canada. Kambi ilipofunguliwa akapewa kazi ya kuzika wafungwa kwa dola 2.50 kila maiti. Majira ya baridi walikuwa wanakufa kadhaa kwa siku. Yeye aliandika kila mmoja: jina, kombania, kikosi, tarehe, namba ya kaburi. Kati ya karibu 3,000, wasiojulikana ni 7 tu. Mwaka 1877 serikali ikalifanya eneo hilo makaburi ya taifa, na majina yaliyochongwa 1907 yalitegemea kumbukumbu zake.

Kwa hiyo mlolongo wangu wote, kutoka kadi mpaka jiwe, umepita mikononi mwa mtu ambaye jeshi la kijana huyu lilipigana ili awe mali. Angeweza kumtupa shimoni bila namba na asingeulizwa na yeyote. Aliandika jina lake. Mwanangu mkubwa, ana miaka 12, alisimama muda mrefu halafu akauliza kama tunaweza kwenda kwenye kaburi la Jones pia. Tukarudi makaburi ya mji, safari hii tukijua njia. Mama mkwe alikuwa amenunua mashada mawili tangu asubuhi, wala hakuwa ametuambia la pili ni la nani.

Nyumba ya Jones iko jirani, sasa ni makumbusho. Nendeni.

Gharama: mafuta, usiku mbili za hoteli na chakula, dola 610.

20 Oktoba 2024: Jina lililozungushiwa penseli

Nimerudi kwa mwanamke wa viazi vitamu.

Mwaka 1860 palikuwa na orodha mbili za sensa: ya watu huru, na ya watumwa. Katika ya pili, kwa kawaida, haandikwi jina la mtumwa. Linaandikwa jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi. Chini ya baba yake kijana pana mistari mitatu: mwanamke, 30. Mvulana, 12. Msichana, 4. Ukoo huu umesema siku zote kwamba ulikuwa maskini na haukuwa na watumwa. Mistari mitatu hiyo niliitazama usiku, watoto wamelala, nikawaza kwamba binti yangu mdogo naye ana miaka 4.

Safari hii sikukimbilia simu. Nilimpelekea mama mkwe picha ya ukurasa mimi mwenyewe, nikakaa naye. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Basi alikuwa anamsalimia mtu wao." Halafu: "Mtafute."

Kosa la kwanza: nilimtafuta kwa jina la ukoo wa mmiliki katika sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina yao kamili. Wengi hudhani waliokombolewa walibeba jina la bwana wa mwisho, na mimi nilidhani hivyo. Wiki tatu zikapita bure. Watu waliotoka utumwani walijichagulia majina, na wengine walikuwa nayo zamani bila mwenye shamba kuyajua.

Kilichofungua mlango ni sheria ya North Carolina ya Machi 1866. Chini ya utumwa ndoa zao hazikutambuliwa, na sheria hiyo iliwataka waliokuwa wakiishi kama mke na mume wajiandikishe kwa karani wa kaunti, wakitaja wameishi pamoja tangu lini. Madaftari yaliyosalia yako kwenye Nyaraka za Jimbo, Raleigh, vituo vitatu vya basi kutoka kazini kwangu. Kuingia ni bure, unaruhusiwa penseli tu. Jina lake la kwanza ni la nadra, na katika daftari la kaunti hiyo limetokea mara moja. Mume ana jina la ukoo jingine. Wameishi pamoja miaka 14.

Kwa sharti langu la Mei, hilo halitoshi. Nikachukua jina la ukoo la mume, nikarudi sensa ya 1870. Kata ileile. Mwanamke mwenye jina hilo, 41. Kijana wa kiume, 21, mkulima. Binti, 14, na mbele yake karani ameweka alama: anahudhuria shule. Nyumba ya nne kutoka hapo anaishi mdogo wa kijana wetu, babu mzaa babu wa mama mkwe. Umri wa wote watatu, majirani, jina. Namkubali.

Wana nyumba yao. Viazi vyake sasa anachoma kwenye majivu yake mwenyewe.

Gharama: nakala 11, chini ya dola 10.

8 Desemba 2024: Ukurasa mpya

Jumla ya fedha: dola 676 hivi, na dola 610 kati yake ni safari. Kazi yote ya karatasi pamoja na kosa la binamu haikuzidi dola 70, na pasipo kosa ingekuwa nusu yake.

Jana mama mkwe ameniita. Ameweka Biblia mezani, penseli pembeni. Mstari wa "vitani, 1863" hataki kuufuta, kwa kuwa aliyeuandika aliandika alichokijua. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kutetemeka, ameongeza: Elmira, New York, 21 Februari 1865, namba ya kaburi, na "alizikwa na John W. Jones". Kisha akafungua ukurasa wa nne wa majina, ambao nusu yake ulikuwa mtupu, akaniuliza majina ya wale watatu yanaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Alipofika kwa binti akasimama, akauliza kama tunajua aliolewa na nani.

Bado hatujui. Daftari la ndoa za kaunti la miaka ya 1870 liko kwenye mikrofilamu, na nimeomba nafasi ya Alhamisi.